Kufundisha Kozi za Uhandisi kwa Vikundi vya Kushirikiana: Mwongozo Kamili kwa Wahadhiri na Wakufunzi

Katika vyuo vingi kazi ya kikundi hutolewa hivi: mhadhiri hutangaza swali, wanafunzi hujigawa wenyewe kwa urafiki, na baada ya wiki mbili huletwa ripoti yenye majina manane kwenye jalada. Wawili kati ya hao wanane ndio walioiandika, mmoja amechangia fedha za uchapaji, na waliobaki huisoma kwa mara ya kwanza asubuhi ya kuiwasilisha. Kazi ya namna hiyo humpunguzia mhadhiri usahihishaji, lakini haimfundishi mwanafunzi uhandisi, na wanafunzi wenye bidii wana haki kabisa ya kuichukia.

Mwongozo huu unahusu jambo lililo tofauti na hilo. Ujifunzaji wa kushirikiana ni mpangilio wa makusudi ambamo hakuna mwanakikundi anayeweza kukamilisha kazi bila wenzake, na wakati huohuo kila mmoja hupimwa peke yake kwa yote aliyopaswa kujifunza. Masharti hayo mawili hayaji yenyewe kwa sababu tu watu wameketi pamoja. Hupangwa na mwalimu, na sehemu kubwa ya upangaji huo hufanyika kabla muhula haujaanza.

Mbinu hii ilikotoka na sababu za kuiamini

Misingi yake ilijengwa kwa kiasi kikubwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na ndugu wawili, David Johnson na Roger Johnson, wakishirikiana na Karl Smith, aliyetoka katika uhandisi wa metali na ndiye aliyeibeba mbinu hii hadi kwenye madarasa ya wahandisi. Walieleza kwamba kikundi huitwa cha kushirikiana kinapotimiza mambo matano: wanakikundi wanategemeana kweli, kila mmoja anawajibika binafsi, wanafanya kazi ana kwa ana, wakielezana na kuulizana, wanafundishwa stadi za kufanya kazi pamoja, kama vile kuongoza, kusikiliza na kutatua ugomvi, na wanakaa mara kwa mara kujikagua wanavyokwenda. Mawili ya kwanza ndiyo yanayobeba mengine, na ndiyo pia yanayosahaulika zaidi.

Ushahidi wake si haba. Mwaka 1999 watafiti watatu, Springer, Stanne na Donovan, walikusanya matokeo ya tafiti 39 kuhusu wanafunzi wa elimu ya juu waliojifunza sayansi, hisabati, uhandisi na teknolojia katika vikundi vidogo, wakakuta ufaulu umepanda kwa takriban nusu ya mchepuko sanifu. Kwa lugha ya darasani, mwanafunzi aliyekuwa katikati ya orodha ya watu 100 angepanda hadi kwenye nafasi ya 30 hivi. Mwaka 2014 uchambuzi mwingine wa tafiti 225, ulioongozwa na Scott Freeman, ulionyesha kwamba katika madarasa ya mihadhara mitupu wastani wa wanafunzi walioshindwa ulikuwa asilimia 34, na katika madarasa ambamo wanafunzi hushughulishwa ulikuwa asilimia 22. Uchambuzi huo wa pili ulihusu mbinu shirikishi kwa upana wake, wala si vikundi peke yake, kwa hiyo usiunukuu kwa zaidi ya ulichosema.

Kwa upande wa uhandisi wenyewe, Richard Felder wa North Carolina State University alilifundisha kundi moja la wanafunzi wa uhandisi wa kemikali kozi tano mfululizo kuanzia mwaka 1990 akitumia mbinu hizi, na sheria nyingi za kiutendaji zinazofuata hapa zimetokana na kazi yake na ya mwenzake Rebecca Brent. Nimezipanga upya kwa mazingira ya vyuo vyetu, vyenye madarasa makubwa, viti vilivyofungwa sakafuni na wanafunzi wengi wanaoishi nje ya chuo.

Hatua ya kwanza: anza na dakika tatu ndani ya mhadhara

Usianze na mradi wa muhula mzima. Anza na vikundi vya muda, yaani jirani na jirani, kwa swali moja katikati ya mhadhara. Hapa ndipo wewe na wanafunzi mtakapozoea, na kosa likitokea halimgharimu mtu alama.

Chukua mfano wa kozi ya mekanika ya mwaka wa kwanza. Chora ubaoni kenchi rahisi ya paa yenye upana wa mita 8 kutoka egemeo A hadi egemeo B, na kimo cha mita 3 hadi kilele C. Mbao mbili za mteremko, AC na BC, zina urefu wa mita 5 kila moja. Katikati ya mbao ya chini kuna kiungo D, na nguzo ya kati inaunganisha C na D. Mzigo wa kilonyutoni 12 umewekwa kileleni, na uzito wa kenchi yenyewe hauhesabiwi. Uliza: nguzo ya kati inabeba kani kiasi gani?

Toa dakika moja ya ukimya ili kila mtu aandike jibu lake kwenye daftari. Dakika hiyo usiiruke, kwa sababu bila hiyo mwenye mdomo mwepesi ndiye atakayefikiri kwa niaba ya jirani yake. Kisha toa dakika mbili za kujadiliana wawiliwawili, na baada yake taja jina kutoka kwenye orodha ya mahudhurio, bila kungoja aliyenyoosha mkono. Majibu yatakayosikika mara nyingi ni 12, kwa hoja kwamba mzigo uko juu ya nguzo, au 6, kwa hoja kwamba mzigo umegawanyika. Jozi iliyofikiri vizuri itakuwa imeulizana swali moja: ikiwa nguzo inasukuma chini pale D, ni nini kinachoisukuma juu? Mbao AD na DB zote zimelala, na hakuna hata moja inayoweza kutoa kani ya wima. Kwa hiyo kani katika nguzo ni sifuri. Sasa hamisha mzigo uleule, uning'inize pale D, na uwarudishe kwenye majadiliano kwa dakika nyingine moja. Safari hii nguzo inabeba kilonyutoni 12, na inavutwa. Mwanafunzi aliyebishana na jirani yake kuhusu jambo hili haendi kulisahau kwa urahisi, na wewe umetumia dakika sita.

Kwa hesabu ndefu zaidi tumia jozi ya msemaji na msikilizaji, mbinu iliyoenezwa na Arthur Whimbey na Jack Lochhead. Msemaji anatatua swali kwa sauti, akieleza kila anachofanya na kwa nini. Msikilizaji haruhusiwi kutatua. Kazi yake ni kuuliza pale asipoelewa na kumkumbusha mwenzake asinyamaze. Katika kenchi hiihii, msemaji ataanza na egemeo A, ambalo linasukuma juu kwa kilonyutoni 6. Kiungo A kiko katika msawazo, yaani kani zote zinazokigusa zinafutana, kwa hiyo sehemu ya wima ya kani ya AC, ambayo ni tatu ya tano yake (kimo cha mita 3 kwa urefu wa mita 5), lazima iwe 6. AC basi inagandamizwa kwa kilonyutoni 10, na mbao ya chini inavutwa kwa 8. Kisha wanabadilishana, na aliyekuwa msikilizaji anahakiki kilele C kwa sauti: mbao mbili zinasukuma juu kwa 6 na 6, mzigo unasukuma chini kwa 12, hesabu imefunga.

Ukumbi wenye viti vilivyofungwa si kizuizi. Walioketi safu ya mbele wageuke nyuma, na utakuwa na vikundi vya watu wanne bila kusogeza kitu. Kelele itakuwepo, kubalianeni mapema ishara ya kunyamaza, kama vile kuinua mkono, na usiendelee kuzungumza mpaka ukumbi utulie.

Jambo la lugha linahitaji uamuzi wako mapema. Katika vyuo vya Tanzania mhadhara hutolewa kwa Kiingereza na mtihani huandikwa kwa Kiingereza, lakini wanafunzi wakikaa kwenye diskasheni yao huzungumza Kiswahili. Waache wajadili kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayejua kukariri sentensi ya kitabu kuhusu msawazo wa kiungo hujulikana mara moja kama ameielewa au la anapotakiwa kuieleza kwa lugha anayofikiria, na wenzake humbana bila kumwogopa. Masharti yawe kwamba maandishi ya mwisho ya kikundi yatumie istilahi zilezile za mtihani, na kwamba kila mmoja aweze kuzisoma na kuzieleza.

Hatua ya pili: vikundi vya kudumu uvigawe wewe

Baada ya wiki mbili au tatu za mazoezi mafupi, unda vikundi rasmi vya kazi za nyumbani, maabara au mradi. Idadi inayofaa ni watu watatu au wanne. Wakiwa wawili hakuna wa kuamua wanapopingana. Wakifika watano, mmoja huanza kutazama wengine wakifanya kazi.

Usiwaache wachague wenyewe. Wakichagua wenyewe, wenye ufaulu mkubwa hukusanyika pamoja, marafiki hufunikiana, na wale wasiojulikana na mtu hubaki mabaki. Wiki ya kwanza wape fomu fupi ya ukurasa mmoja: alama walizopata katika kozi za awali zinazohusiana na hii, wanakoishi, saa walizo huru katika wiki, na njia waliyopitia kuingia chuoni. Kisha gawa kwa kufuata mambo matatu.

La kwanza ni uwezo mchanganyiko. Anayeelewa hujifunza zaidi anapofundisha, na asiyeelewa hupata maelezo kutoka kwa mtu aliyeelewa juzi tu na bado anakumbuka palipomkwamisha. Katika vyuo vyetu kuna mchanganyiko mmoja wenye thamani ambao hautumiki ipasavyo: waliotoka kidato cha sita na walioingia kwa stashahada. Wa kwanza mara nyingi wako wepesi kwenye hesabu. Wa pili wameshika mashine ya kuchomelea, wameona nondo zikifungwa, na wanajua kenchi inavyopandishwa juu ya ukuta. Ukiwaweka katika kikundi kimoja na kuwapa kazi inayohitaji vyote viwili, heshima kati yao huja bila mahubiri.

La pili ni saa za pamoja. Kikundi ambacho wawili wanakaa bwenini na wawili wanapanda daladala mbili kufika nyumbani hakitakutana saa tatu usiku, hata kikiandika ahadi. Angalia fomu, hakikisha kila kikundi kina angalau saa mbili za mchana zinazolingana.

La tatu ni kutomwacha mtu peke yake. Ikiwa darasa lina wasichana wachache, usimweke mmoja mmoja katika kila kikundi cha wavulana kwa nia njema ya kusawazisha, hasa mwaka wa kwanza. Anayekuwa peke yake mara nyingi hupewa kazi ya kuandika na kuchora vichwa vya habari huku wengine wakishika vifaa. Afadhali vikundi vingine viwe na wasichana wawili au watatu na vingine visiwe na yeyote.

Watangazie pia kwamba vikundi vitavunjwa baada ya wiki nne hadi sita na kuundwa upya, isipokuwa kikundi ambacho wanachama wote wataomba kubaki pamoja, kila mmoja kwa karatasi yake ya siri. Vikundi vingi huomba kubaki, na kuomba huko huwafanya waanze kukitazama kikundi kama chao.

Hatua ya tatu: majukumu na makubaliano ya maandishi

Kila kikundi kiwe na majukumu manne yanayozunguka kwa kila kazi: mratibu, anayeitisha kikao na kuhakikisha kila mtu anajua anachotakiwa kufanya, mwandishi, anayeandaa nakala ya mwisho, mhakiki, anayekagua hesabu, vipimo na alama za kuongeza na kutoa kabla ya kukusanya, na mfuatiliaji, ambaye kazi yake pekee ni kuthibitisha kwamba kila mmoja anaweza kueleza kila sehemu ya jibu. Jukumu hili la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Kikundi cha watu watatu kimpe mtu mmoja uhakiki na ufuatiliaji pamoja.

Jina la kila mmoja liandikwe kwenye karatasi ya jibu pamoja na jukumu lake. Asiyeshiriki, jina lake lisiwekwe. Sema hivyo wazi siku ya kwanza, kisha ukubali matokeo yake itakapotokea.

Katika kikao cha kwanza kikundi kiandike makubaliano ya ukurasa mmoja na wote wasaini: watakutana lini na wapi, asiyeweza kufika atoe taarifa kwa nani na mapema kiasi gani, watafanya nini mtu akikosa mara mbili. Kifungu kimoja ukiweke wewe kwa vikundi vyote: kila mtu afike kikaoni akiwa ameshajaribu kila swali peke yake, angalau kwa kuchora mchoro na kuandika milinganyo ya kuanzia, bila kulazimika kufika kwenye jibu. Bila kifungu hiki, mwenye kasi ataanzisha kila suluhisho, na wenzake watajifunza kuitikia tu.

Hatua ya nne: tunga kazi ambayo mtu mmoja haiwezi

Maswali ya mwisho wa sura ya kitabu, ambayo mwanafunzi mzuri huyamaliza kwa dakika ishirini, hayahitaji kikundi. Ukiyatoa kwa kikundi, watagawana: wewe la kwanza, mimi la pili, yule la tatu, kisha wabandike pamoja. Hapo hakuna ushirikiano wowote uliofanyika. Kazi ya kikundi iwe ngumu zaidi ya ile ambayo ungempa mtu mmoja, iwe na maamuzi yanayobishaniwa, na idai jibu moja lenye kukubaliwa na wote.

Kwa mradi, njia iliyo imara ni ile iliyobuniwa na mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, Texas, wakati watoto weusi na weupe walipoanza kuchanganywa madarasani na uhasama ulikuwa mkubwa. Kila mtoto alipewa kipande kimoja cha somo ambacho hakuna mwingine kikundini alikuwa nacho, hivyo wenzake walilazimika kumsikiliza. Katika uhandisi inafanya kazi vizuri, kwa sababu mradi wa kweli tayari umegawanyika katika taaluma.

Tuseme wanafunzi wa mwaka wa tatu wanasanifu kivuko cha watembea kwa miguu cha chuma juu ya mtaro wa maji ya mvua ulio ndani ya chuo. Nenda nao mtaroni kwanza wakaupime wenyewe kwa futikamba. Kisha ndani ya kila kikundi mtu wa kwanza apewe nyaraka za mizigo: uzito wa watu, uzito wa kivuko chenyewe, upepo. Wa pili apewe uchambuzi wa kani katika vipande. Wa tatu apewe uchaguzi wa vyuma, pamoja na hatari ya vipande vinavyogandamizwa kupinda kabla havijafikia uwezo wake. Wa nne apewe viungo, misingi na gharama, na alazimike kwenda dukani kuuliza bei na urefu wa vyuma vinavyouzwa kweli.

Wenye sehemu moja kutoka vikundi vyote wakutane kwanza kama wataalamu, kwa kipindi kizima, wewe ukipita kati yao kurekebisha dhana potofu kabla hazijasambaa. Halafu kila mmoja arudi kwenye kikundi chake kufundisha. Hapa mtaona jinsi sehemu zinavyogongana: aliyechagua chuma chembamba ili kupunguza gharama anaambiwa na mwenzake kwamba kipande cha juu kitapinda, aliyekokotoa kani anagundua kwamba mizigo aliyoitumia haikuhesabu uzito wa sakafu iliyobadilishwa jana yake. Mgongano huo ndio moyo wa somo, na ni jambo ambalo mhadhara, hata uwe mzuri namna gani, hauwezi kulionyesha. Weka muda wa kutosha kwa ajili yake. Wiki moja haitoshi.

Hatua ya tano: mpime kila mmoja kwa yote

Hapa ndipo mbinu nzima inaposimama au kuanguka. Kikundi kikipewa alama moja na hadithi ikaishia hapo, udandiaji, yaani kupata alama kwa kazi ya wengine, umeruhusiwa rasmi.

Kinga ya kwanza ni mtihani wa mtu mmoja mmoja unaogusa kila sehemu ya kazi ya kikundi. Baada ya mradi wa kivuko, toa jaribio la dakika thelathini ambamo maswali ya viungo yanajibiwa hata na aliyeshughulikia mizigo. Ikiwa chuo chako hugawa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, kazi za vikundi zichukue 10 hadi 15 kati ya hizo 40, na zilizobaki ziwe za mtu binafsi. Unaweza pia kuweka sharti kwamba alama za kikundi zitahesabiwa kwa yule tu aliyepata wastani wa kufaulu katika majaribio yake binafsi, lakini sharti hilo liidhinishwe na idara na liandikwe kwenye mpango wa kozi kabla ya wiki ya kwanza. Usilianzishe katikati ya muhula.

Kinga ya pili ni uwasilishaji wa kushtukiza. Wote wajiandae, na wewe uchague papo hapo nani aeleze sehemu gani, ukipendelea ile ambayo si yake. Alama ya maelezo hayo iwe ya kikundi kizima. Mfuatiliaji atapata kazi ya kweli usiku wa kuamkia siku hiyo.

Kinga ya tatu ni tathmini ya wanakikundi kwa wenzao. Mfumo ulioanzishwa na Robert Brown nchini Australia, kisha ukaboreshwa na Kaufman, Felder na Fuller mwaka 2000, ni rahisi kutumia hata kwa karatasi. Kila mwanafunzi humpa kila mwenzake, na yeye mwenyewe, neno moja kati ya tisa, kuanzia "bora sana" hadi "hakuonekana kabisa", akipima uwajibikaji na wala si akili: je, alifika, alijiandaa, alifanya sehemu yake, alisaidia wengine? Maneno hayo hubadilishwa kuwa namba, kutoka 100 kushuka hadi 0 kwa ngazi za 12.5. Wastani wa kila mtu hugawanywa kwa wastani wa kikundi kizima, na uwiano unaopatikana huzidishwa kwa alama ya kikundi. Uwiano ukizidi 1.05 huishia hapo 1.05.

Tuone unavyofanya kazi. Kikundi cha watu wanne kimepata 80. Wastani wa tathmini zao ni 87.5, 84.375, 81.25 na 46.875, huyu wa mwisho alipewa 37.5 na kila mwenzake, naye akajipa 75. Wastani wa kikundi ni 75. Watatu wa kwanza wana uwiano unaozidi 1.05, kwa hiyo kila mmoja anapata 84. Wa nne ana 0.625, na alama yake inakuwa 50. Tofauti ya 34 kati ya watu waliosaini ripoti moja inaonekana kali, lakini inasema ukweli, na imetoka kwa watu waliokaa naye, wewe ukiwa hukuwepo.

Kila neno liambatane na sentensi moja ya sababu, karatasi zikusanywe kwa siri, na wiki ya nne fanyeni tathmini ya majaribio isiyohesabiwa, ili anayezembea ajue mapema wenzake wanavyomwona. Ukiona kikundi ambacho watatu wamempa wa nne alama za chini zinazofanana huku maelezo yao yakizungumzia tabia, kabila, dini au lafudhi yake badala ya kazi, usitumie namba hizo. Waite.

Kuhusu alama kuna jambo moja zaidi: usigawe madaraja kwa kulinganisha wanafunzi wao kwa wao, kwamba asilimia fulani tu watapata A. Mwanafunzi anayejua kwamba kumsaidia mwenzake kunaweza kumshusha yeye atanyamaza, na atakuwa na busara kunyamaza. Weka viwango vilivyotajwa mapema, na yeyote atakayevifikia apate alama yake.

Hatua ya sita: malalamiko na migogoro

Malalamiko yatakuja ndani ya wiki tatu za mwanzo, na mengi yatatoka kwa wanafunzi bora. Watasema wanapotezewa muda. Wajibu kwa heshima na kwa ukweli: mtihani wa mwisho ni wa kila mtu peke yake, na kueleza jambo mara tatu kwa mtu anayebisha ni maandalizi mazuri kuliko kulisoma mara tatu. Waeleze pia kwamba uwezo wa kufanya kazi katika timu ni miongoni mwa sifa ambazo mikataba ya kimataifa ya uhandisi, kama Washington Accord, inazidai kwa mhitimu, na kwamba hakuna barabara wala kituo cha umeme kilichosanifiwa na mtu mmoja. Usitarajie maelezo hayo yawaridhishe wote mara moja. Matokeo ya jaribio la kwanza huwashawishi wengi zaidi.

Mdandiaji ashughulikiwe kwa ngazi. Kwanza kikundi kizungumze naye chenyewe, kikirejea makubaliano waliyosaini. Akiendelea, wamwandikie onyo na nakala ije kwako. Asipobadilika, kikundi kina haki ya kumwondoa, naye atafute kikundi cha watu watatu kitakachokubali kumpokea, la sivyo apate sifuri kwa kazi zilizobaki. Haki hiyo iende pande zote mbili: mwanafunzi anayefanya kazi yote naye, baada ya onyo la maandishi, aruhusiwe kujiuzulu. Mara nyingi onyo peke yake hutosha.

Kikundi kikija ofisini kikiwa na ugomvi, usitoe hukumu haraka. Upande wa kwanza ueleze bila kukatizwa, upande wa pili urudie kwa maneno yake ulichosikia mpaka upande wa kwanza ukubali kwamba ndicho ulichosema, kisha wabadilishane. Baada ya hapo waulize watafanya nini wao. Kabla ya kumhukumu asiyefika vikaoni, muulize faragha sababu. Anayefanya kibarua ili alipe chumba, au anayeuguza mzazi, anahitaji ratiba nyingine na pengine ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Onyo la maandishi halitamsaidia.

Hatua ya saba: vikundi vijikague, na wewe pia

Kila baada ya wiki mbili hadi nne, tumia dakika kumi za kipindi kwa ajili ya kila kikundi kuandika majibu ya maswali matatu: tunafanya nini vizuri, nini hakiendi, na tutabadilisha nini kuanzia kikao kijacho. Kusanya karatasi, zisome siku hiyohiyo, na somo linalofuata utaje bila majina mambo mawili yaliyojirudia. Vikundi vinavyosema "hatuna tatizo lolote" katika karatasi tatu mfululizo ndivyo vya kutembelea kwanza.

Kwa upande wako, hesabu ya muda ni hii. Darasa la wanafunzi 120 katika vikundi vya watu wanne hukuletea maandiko 30 ya kazi ya nyumbani badala ya 120. Muda unaouokoa hapo uutumie kusoma tathmini, kusahihisha majaribio mafupi ya mtu binafsi na kuketi na vikundi vyenye shida. Kama una msaidizi wa kufundisha, mfundishe mbinu hizi kabla ya muhula, kwa sababu msaidizi anayejibu kila swali maabara papo hapo huua mjadala uliokuwa unaanza. Aulizwapo, jibu lake la kwanza liwe: mmemuuliza kila mmoja wenu?

Mwisho wa muhula tenganisha matokeo ya maswali yaliyofundishwa kwa vikundi na yale yaliyofundishwa kwa mhadhara, na uyalinganishe na mtihani wa mwaka uliotangulia ikiwa maswali yanafanana kwa uzito. Hifadhi kwenye faili la kozi fomu ya kugawia vikundi, makubaliano, karatasi ya tathmini na maswali yaliyoamsha mjadala kweli, pamoja na yale yaliyolala, ili atakayepokea kozi hiyo aanzie hapo ulipofika. Muhula unaofuata ongeza jambo moja tu: kama mwaka huu ulifanya mazoezi ya mhadharani na kazi za nyumbani, mwaka ujao ongeza maabara, na mradi wa kivuko uje baada ya hapo.